Meza ya CNC niliyoibadilisha inapoteza mm 0.35 ikigeuza mwelekeo: ninunue kaplingi gani?

Karakana_ya_Uani: Wakuu, heshima kwenu. Nimegeuza mashine ndogo ya milingi, iliyokuwa ikizungushwa kwa mkono, kuwa CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, na kwenye mhimili wa X nimefunga skrubu ya gololi ya 1605, yaani kipenyo cha mm 16 na mwendo wa mm 5 kwa kila mzunguko. Meza inapogeuza mwelekeo hupoteza mm 0.35, kiasi kwamba duara ninalochonga kwenye alumini linatoka kama yai. Beringi zipo pande zote mbili na nati haina mchezo. Naomba mnitajie kaplingi imara, kile kiungo cha mota na skrubu, kwa kuwa kazi ya mteja ni ya Ijumaa na malipo yake ya awali nimeshayatumia.

Mzee_wa_Leitha: Mdogo wangu, fedha ya mteja huguswa kazi ikiwa mezani. Nilipokuwa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, nikikereza shafti za mashine za kusaga mahindi, nilipokea malipo ya shafti mbili, nikalipa ada ya mtoto, kisha chuma kikapanda bei. Mteja alikuja kukaa mlangoni pangu siku tatu na kiti chake mwenyewe.

Jicho_la_Geji: Tusinunue kitu kabla ya kupima. Weka geji ya mshale iguse ncha ya skrubu, zima programu huku mota ikiwa imeshika, kisha isukume meza kwa mikono mbele na nyuma. Skrubu ikitulia wakati meza inasogea, kosa lipo kwenye nati au breketi yake. Skrubu yenyewe ikisogea, kosa lipo kwenye beringi. Utuambie pia upande wa mota umefunga beringi ya aina gani.

Karakana_ya_Uani: Nimepima, na ncha ya skrubu inasogea mm 0.31. Ndiyo maana nasema ni kaplingi.

Jicho_la_Geji: Swali la beringi hujalijibu.

Karakana_ya_Uani: Ni nyumba za beringi za BF12 pande zote mbili. Niliagiza BK12 moja na BF12 moja, muuzaji akaleta BF mbili, na kuzirudisha kungechukua wiki tatu. Hata hivyo ni beringi halisi, zinazunguka vizuri, na mimi sichongi chuma kigumu. Mota nayo ina beringi zake, kwa hiyo sikuona hatari.

Jicho_la_Geji: Basi tatizo ni hilo. BK ina beringi mbili za mgusano wa pembe, zinazobanwa kwa nati ya kufunga ili skrubu isiende mbele wala nyuma. BF kazi yake ni kushikilia ncha isiyumbe pembeni tu, na huachwa huru makusudi, kwa sababu skrubu ya mita moja hurefuka takriban mikroni 12 kwa kila nyuzi moja ya joto. Wewe umeacha pande zote mbili huru, hivyo msukumo wote wa meza unapita kwenye kaplingi na kuingia ndani ya mota. Mota ya hatua huwa na washa yenye mawimbi inayosukuma beringi kama springi, na hiyo ndiyo inayobonyea. Kaplingi ya dhahabu haitaponya hapo.

Bodaboda_Mstaafu: Kwa hiyo mkuu ametengeneza kitanda cha bembea, kisha anauliza bei ya shuka.

Mdadisi_Mkuu: Samahani, mimi nadhani hadithi hii imetungwa ili tujaze kurasa. Skrubu ya 1605 iliyokerezwa kwa ajili ya BK12 ina mm 12 mahali pa beringi za upande wa mota, pamoja na hesi ya M12. Tundu la BF12 ni mm 10. Hebu atueleze aliingizaje shafti ya mm 12 kwenye tundu la mm 10, au alisali?

Karakana_ya_Uani: Sijatunga. Niliipunguza kwa grenda huku nikiizungusha kwa drili, na hesi ikaondoka. Iliingia kwa kugonga kidogo. Nimepima sasa hivi kwa maikromita: upande mmoja ni 9.86, mwingine 9.97.

Mdadisi_Mkuu: Nimefuta tuhuma. Mtunzi asingethubutu.

Mzee_wa_Leitha: Hapo hata BK10 haitakaa, kwa sababu shafti si duara tena. Kata kipande ulichokiharibu, kisha ncha mpya ikerezwe kutoka kwenye skrubu yenyewe, ipate mm 12, hesi ya M12 yenye hatua ya mm 1, na mm 10 ya kaplingi. Utapoteza takriban mm 50 za safari ya meza. Ngozi ya skrubu hiyo ni ngumu, kwa hiyo fundi atumie kisu cha kabaidi na aibane kwenye koleti, kile kibano cha mviringo, asiume njia za gololi. Mpelekee skrubu pamoja na nati yake. Usiitoe nati bila kuihamishia kwenye bomba lenye kipenyo cha shina la skrubu, maana gololi zitamwagika.

Karakana_ya_Uani: Mzee, shikamoo. Nati niliitoa jana usiku ili kuisafisha. Gololi nimeziokota 58, zimo kwenye kikombe. Kuna anayejua zilipaswa kuwa ngapi?