Riteina baada ya kutoa vyuma: waya wa kudumu, plastiki angavu au ile ya kaakaa?

BintiUpanga
Wadau, habari za jioni. Mwisho wa mwezi natolewa vyuma vya kunyoosha meno inshallah. Daktari kanipa aina tatu za riteina, yaani kifaa cha kuzuia meno yasirudi yalikotoka, kaniambia nikafikirie kisha nirudi na jibu. Ya kwanza ni waya mwembamba unaogandishwa nyuma ya meno ya mbele, hautoki. Ya pili ni ya plastiki angavu inayovishwa meno yote. Ya tatu ni ile ya zamani, ina waya kwa mbele na plastiki ngumu inayokaa kwenye kaakaa.

Mimi juu nilikuwa na mwanya (mama hadi leo hajanisamehe kuuziba, anasema nimetupa uzuri wa bure), chini meno yalipandana. Kazi yangu ni kupokea simu za wateja kutwa nzima, kwa hiyo kitembe sikitaki kabisa. Mliopita njia hii, mlichagua ipi na mnaitunzaje?

Mzaramo_Asilia
Dada, chukua angavu bila kujiuliza mara mbili. Haionekani, kitembe kinaisha baada ya siku chache, na ikipotea kutengeneza nyingine hakuumizi mfuko sana. Mimi siku hizi navaa usiku tu.

Ubaya wake haitaki joto. Mdogo wangu alisuuza yake kwa maji ya birika, eti anaua vijidudu. Ikajikunja pale pale kwenye sinki, haikuingia mdomoni tena.

FundiModeli
Nafanya kazi maabara ya meno. Mimi fundi tu, sio daktari, ila hizi riteina zinapita mikononi mwangu kila siku.

Hiyo ya mdogo wako sishangai. Tunaitengeneza kwa karatasi ya plastiki, mara nyingi ya unene wa milimita 1. Tunaipasha moto mpaka inalegea, mashine inaibana juu ya modeli ya plasta ya meno yako, ikipoa tunakata kingo. Joto ndilo lililoipa umbo na joto ndilo litakaloliondoa. Usiinywee chai, usiiache kwenye dashibodi ya gari.

Ya kaakaa inaitwa Hawley, jina la daktari Mmarekani Charles Hawley aliyeianzisha zaidi ya miaka 100 iliyopita. Ile ni kazi ya mkono. Waya wa chuma kisichoshika kutu, milimita 0.7, unakunjwa kwa koleo kufuata meno ya mbele, kulabu zinashika magego, halafu akriliki, ile plastiki ngumu, inajazwa upande wa kaakaa. Ndio maana bei yake inapanda. Lakini ikilegea daktari anaikaza kwa koleo, na akriliki ikivunjika naweza kuiunga ikarudi kazini. Angavu ikipasuka ni ya kutupa. Na kama unasaga meno usingizini utaitoboa kwenye magego mapema, hizo naziletewa sana.

Kuhusu simu zako: Hawley inakalia pale pale ulimi unapogusa ukitamka S na Z. Wengi wanazoea, ila wiki za mwanzo wateja wako watasikia.

MtotoWaNakuru
Mimi niko na waya wa kudumu chini, kutoka chonge hadi chonge. Raha yake ni kwamba hakuna kusahau kuvaa. Lakini asikudanganye mtu kuwa ukishawekwa umemaliza kazi. Ukoga hujijenga huko nyuma haraka sana, kisha unakuwa mgumu, mswaki hauuwezi tena mpaka ukakwanguliwe kliniki. Mahindi ya kuchoma napukuchua kwa mkono, muwa nakatiwa vipande na kutafuna na magego. Kung'ata moja kwa moja na meno ya mbele nilishaacha.

Kitu kingine ambacho sijaona mtu akitaja. Sisi tuliokulia huku tukinywa maji ya visima, na watu wa Arusha nadhani mnanielewa, tuna yale meno ya kahawia ya floraidi. Gundi ya waya hushika baada ya jino kupakwa asidi ili uso wake uparuzike kidogo. Jino lililoathirika sana na floraidi huikataa ile asidi, kwa hivyo gundi haishiki vizuri. Wangu umebanduka zaidi ya mara moja. Kama una meno kama yangu, mwambie daktari mapema.

MamaWawili
Naomba niingilie hapo hapo. Wangu yupo kidato cha pili, bweni. Nilitaka awekewe ile ya kaakaa kwa sababu ni imara. Mnaonaje?

Mzaramo_Asilia
Mama, bweni riteina ya kuvua ni bahati nasibu. Wakati wa chakula anaivua, anaifunga kwenye tishu, anaweka pembeni ya sahani, wanaokusanya vyombo wanapita na kila kitu. Nyumbani ni hivyo hivyo, dada wa kazi akiona tishu iliyokunjwa anajua ni taka. Na mbwa pia wanazitafuna, zina harufu ya mate.

Akipewa ya kuvua basi kiboksi kigumu, rangi kali, chenye jina lake, na sheria moja: iko mdomoni au iko kwenye boksi.

Jino_la_Busara
Nipo mwaka wa mwisho wa udaktari wa meno, nasema kwa ujumla tu, daktari wako ndiye aliyeona mdomo wako.

Jino halijapigiliwa kwenye mfupa, limeshikiliwa na nyuzi. Zile za ndani ya ufizi zinachukua karibu mwaka kujipanga upya, na jino lililokuwa limezunguka ndilo sugu zaidi, linataka kurudi lilikotoka. Halafu hata mtu ambaye hajawahi kuvaa vyuma, meno yake ya chini husogea kadiri umri unavyokwenda. Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle walifuatilia watu waliokwisha kutoa vyuma na kuacha riteina. Baada ya miaka 10, walio wengi meno ya mbele ya chini yalikuwa yamebanana tena. Kwa hiyo wanaouliza "navaa mpaka lini", ni usiku, kwa muda wote unaotaka meno yabaki hivyo. Miezi ya mwanzo madaktari wengi wanataka kutwa nzima isipokuwa wakati wa kula na kupiga mswaki, wengine wanaanza na usiku tu. Hapo fuata wa kwako.

BintiUpanga, mwanya uliozibwa unapenda kufunguka. Kwa hali yako mimi ningeegemea waya mfupi nyuma ya meno ya mbele ya juu, chini waya wa chonge hadi chonge, na angavu ya kuvaa usiku juu ya hizo nyaya. Angavu ya nini tena? Kwa sababu waya ukibanduka kwenye jino moja unaweza usigundue, na lile jino linaanza safari kimya kimya. Lakini muulize daktari kwanza kama meno yako ya chini yanagonga nyuma ya yale ya juu unapofunga mdomo. Yakigonga, waya wa juu hautadumu.

Mama, kwa mtoto wa bweni waya una mantiki, ilimradi anajua kuusafisha na likizo analetwa kukaguliwa.

BintiUpanga
Asanteni sana. Sasa kwenye kusafisha, uzi wa meno unapitaje katikati ya meno kama waya umeziba?

MtotoWaNakuru
Haupiti kutoka juu. Kuna uzi wenye ncha ngumu upande mmoja, au kijisindano cha plastiki chenye tundu. Unachomeka ncha chini ya waya, karibu na ufizi, unavuta mpaka uzi utokee upande wa ulimi, halafu unasugua ubavu wa jino moja kisha wa jirani yake. Unatoka, unaingia pengo linalofuata. Usiku wa kwanza utatukana. Ukikosa uzi huo, vile vibrashi vidogo vya kupita katikati ya meno vinasaidia. Ufizi ukitoa damu mwanzoni usiogope, ukiendelea kutoa nenda ukaonwe.

Kijana_wa_Temeke
Angavu mimi naisugua na dawa ya meno kila asubuhi, inang'aa safi.

FundiModeli
Mkuu, iangalie kwenye mwanga baada ya miezi kadhaa. Dawa ya meno ina chembe za kusugulia, zinaichana chana, inapata ukungu na kuanza kunuka. Mswaki laini, maji ya kawaida, tone la sabuni ya vyombo, inatosha.

Mnaotumia maji ya kisima yenye chumvi mtaona utando mweupe. Changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, loweka kama robo saa, sugua, suuza. Au vidonge vya kusafishia meno bandia, vipo famasi. Jiki hapana, hasa Hawley, inakula waya. Na mkiwa mmevaa angavu mnywe maji tu. Soda inaingia chini yake na kubaki imelikumbatia jino, mate hayafiki kuisafisha.

MamaWawili
Na akikaa bila kuvaa kisha ikaja kubana?

Jino_la_Busara
Ikiingia mpaka mwisho ila inabana, avae muda mrefu zaidi kwa siku kadhaa, italegea. Ikicheza au haishuki mpaka mwisho, asiilazimishe na asiing'ate ili iingie. Meno yameshasogea, arudi kliniki.

FundiModeli
Na siku ya kutoa vyuma, BintiUpanga, omba ile modeli ya plasta uondoke nayo, au faili kama wamekuchukua vipimo kwa skana. Watu hawaombi, na kliniki nyingine hazina pa kuziweka, zinatupwa. Funga kwa kitambaa, weka kabatini mbali na watoto. Ukipoteza angavu yako mapema, kabla meno hayajasogea, mtu aletewe hiyo modeli na kazi inaisha siku hiyo hiyo.