Red Fort Delhi: tumelipa bei ya mgeni, tukaishia kuzungushwa madukani

Wakuu, mods naomba msiuunganishe huu uzi, nina hasira zangu.

Niko Delhi nimemleta mama hospitali, si mnajua wabongo tulivyojaa huku kwa matibabu, sasa mgonjwa kapumzika nikasema ngoja nikaione Red Fort, ngome ya Shah Jahan, yule mfalme wa Mughal wa India. Wakala akatupa mtembezaji, anaapa ngome yote anaijua. Thubutu!

Kiingilio cha mgeni ni zaidi ya mara kumi ya mwenyeji, hilo sina neno, hata Serengeti mzungu halipi kama mimi. Ila ukipita Lahori Gate tu kuna soko lenye paa, Chhatta Chowk, jamaa akatuganda humo kwa washkaji zake, mara shali mara bangili, muda unayoyoma, tunafika kwenye majumba yenyewe eti pigeni picha fasta tuondoke.

Na lile kasri bila maji hulielewi jamani. Ujenzi ulianza 1639 ukaisha 1648, Shah Jahan anahama kutoka Agra, mafundi wakapandisha maji ya mto Yamuna mpaka mnara wa Shah Burj, kutoka pale yanashuka kwenye mfereji mmoja, Nahr-i-Bihisht (mto wa peponi), unapita NDANI ya majumba, hamamu, Diwan-i-Khas (ukumbi wa faragha wa mfalme), Khas Mahal (makazi yake), mpaka jumba la Rang Mahal kwenye beseni la marumaru lililochongwa kama ua la yungiyungi. Ndo ilikuwa AC yao kwenye lile joto! Leo mkavu, na jamaa kauruka kama mtaro wa uswahilini, hata kuutaja hakuutaja.

Nikamuuliza yale majengo marefu ya ghorofa ya nini, akasema walilala askari wa mfalme. Mfalme yupi?? Hizo kambi za Waingereza, baada ya Wahindi kuwaasi 1857 walibomoa sehemu kubwa ya majumba ya ndani, na Bahadur Shah Zafar, mfalme wa mwisho wa Mughal, wakamshtaki humohumo kabla ya kumpeleka uhamishoni Rangoon, Burma. Kiti cha tausi, kile cha enzi cha wafalme wa Mughal, nacho eti kiko London, wakati Nadir Shah wa Uajemi alikibeba 1739, nadhani kachanganya na almasi ya Koh-i-Noor huyu.

Wakala nimemwambia arudishe hata nusu, anajibu kwa emoji ya mikono. Nataka kwenda Agra Fort, nako sehemu kubwa iko chini ya jeshi huingii, kwa hiyo mwenye namba ya mtembezaji anayeijua kazi anirushie PM, ila asiwe na binamu anayeuza shali.