Gereji imeuza distributa yangu ya Lucas kwa watu wa skrepa bila kuniuliza, na tatizo lilikuwa rota feki!

Wakuu, nina hasira na sitazificha. Mafundi wa Land Rover za zamani, wauza spea na wenye hizi gari, someni mpaka mwisho, maana hili jambo linatumaliza.

Gari ni Land Rover 109 Series IIA pikapu, injini ya petroli ya lita 2.25, silinda nne. Linabeba vitunguu kutoka Mang'ola. Lilianza tabia ya kuzima likishapata moto. Asubuhi linawaka vizuri, unatembea bila shida, ukishafika mbali linaanza kumisi, linapiga risasi kwenye ekzosi, linazima. Likipoa linawaka tena na unaondoka. Mimi nikiwa safarini, dereva akalipeleka gereji moja hapa Arusha. Fundi hakupima kitu. Aling'oa distributa nzima, yaani kile kifaa kinachogawa moto kwa kila plagi, Lucas 25D4 iliyotoka na gari kiwandani, akafunga mpya ya boksi. Niliporudi nikauliza ya zamani iko wapi. "Bosi, ile ilishakufa, tumewapa watu wa skrepa."

Simu yangu anayo. Dereva alikuwa amekaa pale pale. Mali ya mtu inang'olewa kwenye gari lake, inauzwa kwa kilo, halafu unaletewa bili ya kazi!

Na haikuwa imekufa. Nasema hivyo kwa sababu rota (kile kidude kinachozunguka juu ya shafti ya distributa kupeleka moto kwa kila plagi) na kondensa walikuwa wamezitupa kwenye kopo la misumari na nati, nikazichukua. Zote mbili ni za juzijuzi, zimenunuliwa dukani kwa jina kubwa lililoandikwa juu ya boksi. Nikaigeuza rota juani. Lile bamba la shaba limeshikwa na ripiti, na ripiti imezama ndani ya plastiki mpaka imebaki ngozi nyembamba sana kati yake na tundu la shafti. Kwenye hiyo ngozi kuna mstari mweusi wa kuungua, unaanzia kwenye ripiti unaishia ndani ya tundu. Huko ndiko moto ulikokuwa unatorokea. Badala ya kuruka kwenda kwenye kepu (kifuniko cha distributa chenye waya za plagi) na kufika kwenye plagi, ulikuwa unatoboa plastiki, unaingia kwenye shafti na kuishia kwenye bodi. Plastiki ikiwa ya baridi inavumilia. Ikipata joto inaachia, na ndiyo maana gari lilikuwa linazima likichemka na kuwaka likipoa. Rota za Lucas za enzi zile hazina ripiti pale, bamba limeshikwa na plastiki yenyewe tangu kwenye kalibu.

Kuipima hakuhitaji mashine yoyote. Vua kepu, acha rota mahali pake. Shika ule waya mkubwa wa koili (inayozalisha umeme wa plagi) kwa koleo yenye mpini wa plastiki, ncha yake ikae milimita kama 3 juu ya katikati ya rota. Mtu apige stata. Rota nzima haina pa kuupeleka moto, kwa hiyo hutaona cheche ya maana. Ukiona cheche nene inaruka kila platini (swichi ndogo ya ndani ya distributa inayokata umeme wa koili) zinapofunguka, rota imetoboka, itupe. Kazi ya dakika chache. Fundi anayejiita mtaalamu wa Land Rover hajui hilo?

Nikaja kwenye kondensa. Nikaipasua kwa msumeno. Waya wa ndani haujachomelewa popote, umebanwa tu dhidi ya ile karatasi ya bati iliyokunjwa, ukiutikisa unacheza. Kwenye barabara ya Mang'ola, kwa mtikisiko ule na joto la injini, hicho kitu kingedumu vipi? Kwa wasiojua kazi yake: platini zikifunguka, umeme uliokuwa unapita kwenye koili unataka kuendelea kupita kwa kuruka ule mwanya. Kondensa inaumeza kwanza, ili nguvu ya sumaku ndani ya koili ianguke ghafla. Huko kuanguka ghafla ndiko kunakozaa maelfu ya volti za plagi. Kondensa yenyewe ni ya takriban mikrofaradi 0.2 tu, lakini injini hii ikiwa kwenye mizunguko 3000 kwa dakika, platini zinafunguka mara 100 kila sekunde, na kila mara inategemewa. Ikilegea, platini zinaungua na kuwa za bluu, cheche inageuka ya manjano na dhaifu. Mafundi wakiona platini zimeungua wanabadili platini, kesho kutwa zimeungua tena, wanasema "distributa imechoka". Si kweli!

Sasa hii mpya waliyonifungia. Ni nakala, inauzwa kwa kila gari la Kiingereza la silinda nne: saluni ndogo, gari la michezo, Land Rover, zote hiyo hiyo moja. Inaingia, injini inawaka, fundi anachukua hela. Lakini ndani ya distributa kuna vyuma viwili vya uzito na springi mbili. Injini ikikimbia, vile vyuma vinatanuka na kuwahisha moto, kwa sababu mafuta yanahitaji muda wa kuungua kabla pistoni haijaanza kushuka. Kiasi gani uwahishwe, na kwenye mwendo gani, Lucas walipanga kwa kila injini, ndiyo maana ubavuni mwa kila distributa kuna namba. Injini ya 109 ni ya kuvuta mzigo polepole. Haitaki mpango wa injini ndogo inayokimbia.

Matokeo nimeyaona kwenye mlima wa Mto wa Mbu kupanda kwenda Karatu. Gia ya pili, mguu chini, injini inagonga tangu kona za mwanzo. Mlio ule wa vyuma ukiuachia uendelee unatoboa pistoni. Nikawarudia. Wakarudisha taimingi nyuma. Kugonga kukapungua, nguvu ikaisha, na sasa gari linachemka hata tambarare. Ile 25D4 ilikuwa na kinati cha kuzungusha kwa vidole, ukipata petroli mbaya njiani unarudisha moto kidogo, unaendelea na safari. Hii ya boksi haina.

Jambo jingine, mafundi acheni kubadili zile springi mbili. Moja inakaa imelegea kwa makusudi, ndivyo ilivyotoka kiwandani. Nimeshaona distributa nzuri kabisa zimefungwa springi mbili zinazofanana kwa sababu mtu aliona moja "imelegea". Na kale kawaya kadogo ka ethi kanakounga sahani ya platini na bodi, kale kenye kitambaa, kakikatika gari linamisi kila vakyumu (mvuto wa hewa ya injini) inapovuta sahani. Kabadilisheni. Ni kawaya tu.

Kweli distributa za zamani zinachoka. Bushi ya shafti inakula, shafti inacheza, mwanya wa platini haukai kwenye ile milimita 0.35 hadi 0.40 na moto unakuja ovyo. Lakini bushi inachongwa! Arusha hii imejaa wachongaji wenye mashine. Bushi mpya ya shaba, tone la oili juu ya shafti, chini ya rota, kila unapofanya sevisi, na kifaa kinarudi kazini miaka mingine mingi. Lile umbo lake la chuma lililokwenda skrepa halipatikani tena dukani. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Naomba msije kuniambia niweke kifaa cha elektroniki badala ya platini. Vingi vya hivyo vifaa vinakaa ndani ya distributa hiyo hiyo na vinatumia rota hiyo hiyo, kwa hiyo rota feki itakuacha porini vilevile. Na kikifa ukiwa Mang'ola usiku huna la kufanya, wakati platini unazisafisha kwa kipande cha msasa na kuendelea. Na wale wa kushauri nifunge injini ya Toyota, naomba waanzishe uzi wao.

Wauza spea, nanyi. Nimerudi dukani na rota iliyotoboka mkononi, naambiwa "vya umeme ukishafunga haturudishi". Mtu ataijuaje mbovu bila kuifunga? Mnajua mnachouza. Mnayo boksi mbili kwenye shelfu moja, jina lile lile, bei mbili, na mteja akiuliza tofauti mnasema "hii ni ya bei nafuu". Semeni ni nakala, mtu achague akijua! Wanunuzi, daini risiti ya EFD yenye jina la kitu ulichonunua, maana bila hiyo ukienda FCC (Tume ya Ushindani) kulalamikia bidhaa bandia huna pa kuanzia. Na kabla ya kulipa, igeuzeni rota. Ukiona ripiti, iache hapo hapo kaunta.

Kwa aliye njiani na kondensa za mashaka: fungeni nje ya distributa, karibu na koili, mbali na joto. Waya wake uende kwenye ile pini ya koili inayokwenda kwenye platini, bodi yake iguse chuma safi. Inafanya kazi ile ile na inabadilishwa bila kuvua kepu.

Gereji nimewapa wiki hii wairudishe distributa yangu au wailipe kwa bei ya orijino, si ya kilo. Wakati huohuo natafuta 25D4 iliyotoka kwenye Land Rover ya petroli ya 2.25. Bushi ikiwa imekwisha si shida, kepu ikiwa imepasuka si shida, ilimradi vyuma vya uzito na springi zake za kiwandani vimo. Mwenye nayo aweke picha ya namba ya ubavuni hapa hapa kwenye uzi, bei tutaongea.