Paa la kitambaa limeota ukijani, nilisafishe na nini?

Dada wa Northampton aliandika:

Asalaam aleikum wapendwa, na wengine habari za Jumapili. Mwezi wa 8 nilinunua Mazda MX-5 ya mwaka 2003 kwa mzee wa mtaani kwetu, ile ya viti viwili, paa la kitambaa cheusi. Gari hii naipenda tangu nikiwa mwanafunzi, kwa hiyo nataka kuitunza. Tangu mvua za Oktoba zianze, upande wa paa unaotazama ukuta umeota ukijani kama jiwe la kisimani. Juzi nikapapasa zulia nyuma ya kiti cha dereva, limelowa. Sehemu ya kuoshea magari wanasema watapiga presha dakika tano, kazi imekwisha. Mume wangu anasema jiki na maji. Nani amewahi kusafisha paa la namna hii?

Kaka wa Reading alijibu:

Waaleikum salaam dada. Kwa heshima zote, mwambie shemeji jiki aiache chooni. Inapausha rangi na inakula nyuzi zilizoshonea paa, na mshono ukifumuka huna tena cha kusafisha. Presha nayo nimeshaionja. Mwaka juzi nilimwachia kijana mmoja kando ya barabara, akasogeza bomba mpaka ukingoni mwa kioo cha nyuma, na gundi inayoshika kioo kwenye kitambaa ikaachia upana wa kiganja. Kubadilisha paa zima niliambiwa pauni 650. Toka siku ile naosha mwenyewe kwa mkono.

Kwanza hakikisha ni kitambaa kweli. Nyingi za gari hizo zilitoka na paa la vinaili, laini kama ngozi bandia ya kochi, na dawa yake ni nyingine. Pitisha kucha: ukihisi msuko wa nyuzi, ni kitambaa. Wauzaji hukiita mohair, ingawa siku hizi huwa ni akriliki au poliesta. Chini yake kuna tabaka la mpira, halafu kitambaa cha ndani. Anayezuia mvua ni huo mpira. Wengi hawalijui hili, wakiona paa limelowa juu wanadhani limekufa. Dawa ya kuzuia maji kazi yake ni kitambaa cha juu kisinywe, maana kikinywa kinashinda kibichi siku nzima, na hapo ndipo ukijani unapopata shamba.

Ngoja siku kavu yenye mawingu, kwa sababu jua hukaushia sabuni kwenye kitambaa kabla hujaisuuza. Funga paa, pandisha vioo. Anza pakavu: futa vumbi na majani kwa brashi ya nguo. Kisha lowesha kwa mpira wa bustani, nyunyiza dawa ya kusafishia paa la kitambaa, iache dakika zilizoandikwa kwenye chupa. Mimi natumia ya Autoglym, boksi lenye chupa ya kusafishia na ya kulindia. Renovo nao wanazo zao. Sabuni ya vyombo hapana, masalia yake hufanya dawa ya pili isishike.

Kazi yenyewe ni ya brashi. Nywele ziwe laini, ufuate msuko, kipande kimoja kimoja, na kwenye mishono mkono uwe mwepesi. Povu litatoka la kijani, halafu la kahawia kama chai ya rangi, mwisho jeupe. Usiache kusuuza na kurudia mpaka maji yanayotiririka mlangoni yawe safi kabisa. Langu lilihitaji raundi tatu, mikono ikaniuma siku mbili. Ukipaka dawa ya kulindia juu ya uchafu, umeufungia ndani.

Halafu liache likauke. Hapa ndipo watu wanapokosa subira. Mimi naliachia siku nzima na usiku wake, paa limefungwa. Kulikunja likiwa bichi ni kupanda ukungu kwenye mikunjo. Likishakauka, funika vioo na rangi ya gari kwa shuka kuukuu, upake dawa ya kulindia tabaka mbili nyembamba. Likikauka tena, mwagia maji kidogo: yakiviringika kama juu ya jani la myugwa, umefanikiwa. Siku yatakapoanza kuzama, ndiyo siku ya kupaka upya. Hapa kwetu huwa ni mara mbili kwa mwaka.

Sasa huo unyevu wa ndani, dada, unanitia wasiwasi kuliko ukijani. Fungua paa siku kavu, tazama pembe mbili nyuma ya viti, karibu na mikanda. Kuna tundu kila upande la kutolea maji, yanashuka na kutokea chini ya gari mbele ya gurudumu la nyuma. Majani yakiziba, maji hufurika kwenye zulia na kuingia kwenye vizingiti chini ya milango, na gari hizi hufa kwa kutu pale pale. Toa takataka kwa mkono, pitisha uzi mnene wa plastiki wa mashine ya kukatia majani, taratibu. Waya mgumu usitumie, unaweza kung'oa bomba. Kisha mimina maji kwa jagi na uchungulie chini kama yanatoka. Futa na raba za milangoni pia, zipake dawa ya raba zisikauke.

Dada wa Muscat aliongeza:

Huku adui ni jua na vumbi, mvua tunaiona kwa nadra. La kwangu lilianza kupauka juu ya dereva. Ninalotaka kusisitiza ni lile la kufuta pakavu kwanza, kwa sababu vumbi la huku likikutana na maji linakuwa tope, na tope linashuka ndani ya msuko. Natumia 303 Fabric Guard, dawa ya kulindia kitambaa. Ipakeni penye hewa, nje.

Kaka wa Köln aliongeza:

Walio Ujerumani, msioshe gari barabarani mbele ya nyumba. Miji mingi inakataza kwa sababu ya maji ya ardhini, na faini ipo. Nendeni kwenye vituo vya kujioshea, lakini ulizeni kwanza kama wanaruhusu ndoo na brashi yako. Mimi nimechukua namba za msimu, gari inatembea kuanzia mwezi wa 4 hadi wa 10, ikilala gereji nalitandaza paa lote lisikae na mikunjo.

Dada wa Northampton aliandika tena, wiki mbili baadaye:

Mungu awabariki nyote. Kaka, tundu la upande wa dereva lilikuwa limeziba kabisa. Nilitoa tope jeusi la majani la kujaza kikombe, na nilipomimina jagi maji yakasimama kwanza, kisha yakashuka yote kwa mkupuo, mume wangu akiwa chini anaangalia. Paa limechukua raundi nne. Vioo nilivifunika kwa kanga zangu mbili zilizochakaa. Jana usiku mvua imenyesha, asubuhi nimekuta matone yamesimama juu ya paa, duara moja moja, nikayapangusa kwa kiganja na chini yake kitambaa kikavu. Zulia nimelianika ndani karibu na radieta. Umebaki ukijani kidogo kwenye mshono wa nyuma, ukubwa wa sarafu. Nitaurudia kukikauka, kwa brashi ya mswaki.