Kompyuta ya zamani inaganda katikati ya kuweka Linux Mint: ni RAM au hadi diski?

Ndugu zangu, habari za leo. Niko Arua, nina kompyuta ya mezani ya mtumba, Core 2 Duo, RAM 4 GB (vipande viwili), hadi diski 160 GB. Inachapa barua na kutoa fotokopi za wateja, basi.

Ilikuwa na Windows 7. Umeme ukikatika, ikiwashwa inaleta skrini ya bluu, 0x0000007B, na saa imerudi nyuma miaka mingi. Nikiingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) nakuta SATA, yaani njia ya diski, imehama kutoka hali ya AHCI kwenda ya IDE. Nikiirudisha, inawaka vizuri. Nimeweka betri mpya ya CR2032 (ile ndogo inayotunza saa na mipangilio ya BIOS) na hilo limekwisha. (Fundi mmoja hapa mjini alitaka kuniuzia mazabodi nzima!)

Sasa nataka kuhamia Linux Mint Xfce (mfumo endeshi wa bure, toleo jepesi), maana Windows 7 haipati masasisho tangu Januari 2020, na hii mashine Windows 11 haiiwezi, chipu ya usalama ya TPM 2.0 haina. Flashi inawaka, menyu inakuja, lakini wakati wa kunakili mafaili inaganda. Leo asilimia hii, kesho nyingine. Flashi nyingine, hali ileile. Nikitoa kipande kimoja cha RAM inafika mbali zaidi, ila haimalizi.

Mimi nashuku RAM, ila diski nayo ina mlio siupendi. Nianze na Memtest86+ (programu ya kupima RAM) usiku kucha, au nipime diski kwanza kwa SMART (taarifa ya afya ambayo diski hujiwekea)? Na kwa mashine hii SSD ndogo ya SATA (diski ya kisasa isiyozunguka) itasaidia, au ni kutupa pesa?