Lupus inarithiwa au la? Naombeni ushauri kabla sijaamua

Mwanamwezi (mleta uzi)
Wakuu, habari zenu. Ndugu yangu wa damu anaumwa lupus, ule ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe. Nataka kujua tu: huu ugonjwa uko kwenye ukoo au ni bahati mbaya ya mtu? Nina uamuzi mkubwa mbele yangu, usingizi sina. Msinitukane.

Babu Kijiwe
Uamuzi gani? Kuolewa? Kuzaa? Usitupigishe ramli.

Mama Mashauri
Shangazi yangu alikuwa nayo. Mabaka mashavuni yenye umbo la kipepeo, viungo vinauma, nywele zinanyonyoka, watu wakasema karogwa. Juani alikuwa hatoki. Mwambie ndugu yako apunguze mawazo. Mimi nilipoacha kazi yenye bosi mkorofi hata kichwa kiliacha kuuma.

Maabara Usiku
Mama, tumuache bosi wako kwanza.
Mleta uzi, kinachorithiwa ni uwezekano wa kuugua. Jeni zinazohusishwa na lupus zimepita mia, na nyingi zinasukuma kidogo kidogo tu, kama zile za HLA, zinazosaidia kinga kumtambua adui, kwenye kromosomu ya 6. Chache zina nguvu peke yake. Aliyezaliwa bila C1q, protini inayosaidia kuondoa mabaki ya seli zilizokufa, mara nyingi huugua. Mabaki yakirundikana, DNA iliyomo inaonwa na kinga kama adui, kingamwili zinatengenezwa dhidi yake, na seli zinazopaswa kuituliza kinga zinazidiwa. Mwaka 2022 watafiti walieleza habari za mtoto wa kike aliyeugua kwa badiliko moja tu kwenye jeni ya TLR7, iliyoko kwenye kromosomu X. Na wagonjwa wapatao tisa kati ya kumi ni wanawake.
Ndugu yupi huyo?

Mwanamwezi
Dada. Tuseme pacha.

Babu Kijiwe
"Tuseme"?

Mwanamwezi
Pacha wa kufanana. Lupus imemuua figo, na mimi ndiye ninayelingana naye. Fomu nimeshasaini, kwa hiyo sijaja kuuliza nitoe au nisitoe.

Mtumishi
Damu nzito kuliko maji. Toa, Mungu atakulipa.

Maabara Usiku
Mtumishi, figo si yako. Mwanamwezi, hata kwa pacha wa kufanana, wanaougua wote wawili ni chini ya nusu, maana jeni peke yake haitoshi. Ila hatari yako ni kubwa kuliko ya dada wa kawaida. ANA, kile kipimo cha kingamwili zinazolenga seli za mwili wenyewe, umepima?

Mwanamwezi
Nilipima kwingine, kimya kimya. Chanya. Lakini nimesoma wazima kibao wanayo. Madaktari wa upandikizaji sijawaambia, wataniondoa kwenye orodha na dada hana mwingine.

Kiroboto
CHAI. Ilianza "ndugu", ikaja "dada", ikaja "pacha", sasa figo na siri. Hadithi inanenepa kila nikifungua uzi. Weka picha ya fomu.

Babu Kijiwe
Sukari imezidi kweli.

Mama Mashauri
Mwacheni, mtu mwenye hofu haongei yote mara moja. Shangazi naye alificha.

Mwanamwezi
Siweki picha ya fomu yenye majina ya watu. Asiyeamini apite.

Maabara Usiku
Chai au si chai, nitajibu. ANA chanya peke yake si lupus, hapo umesoma sawa. Ndiyo maana wanaokupima wanatakiwa kuijua: wataongeza kipimo cha kingamwili dhidi ya DNA, komplementi C3 na C4 (protini za kinga kwenye damu), na protini kwenye mkojo. Wakikukuta salama, wao ndio wa kusema uendelee. Na kama ugonjwa unakuanza, ukitoa figo moja lupus itaikuta ile iliyobaki.

Mwanamwezi
Nitawaambia operesheni ikishapita. Najisikia mzima kabisa. Mkojo tu una povu, ila ni kwa sababu sinywi maji ya kutosha.

Kiroboto
Eh.

Maabara Usiku
Povu tangu lini?