Mjadala: Mantiki ina lugha yake?

Mwalimu wa Hesabu, Nzuguni

Ndugu zangu, jambo hili limenikaa rohoni tangu mwezi wa saba. Nafundisha hesabu sekondari hapa Dodoma. Siku moja niliandika ubaoni, kwa Kiingereza kama tunavyotakiwa, kauli mbili: mvua ikinyesha, uwanja hulowa, uwanja umelowa. Nikauliza, je, mvua imenyesha? Darasa zima likaitika ndiyo, kwa sauti moja, wala hakuna aliyesita. Nikafuta ubao, nikaandika yaleyale kwa Kiswahili, nikauliza tena. Kikapita kimya. Kisha binti wa dawati la nyuma, ambaye tangu Januari sikuwahi kusikia sauti yake, akasema: "Mwalimu, huu mwezi wa saba. Labda bomba limepasuka."

Mwenyeji wa Dodoma ananielewa. Mvua zetu hukatika Aprili au mwanzoni mwa Mei, na hadi Novemba hatuoni kitu. Ukikuta tope Julai hutazami mawingu, unatafuta bomba. Binti yule alikwepa kosa ambalo wanamantiki wanalikemea tangu enzi za Aristotle wa Ugiriki ya kale: kwamba A huleta B hakukupi ruhusa ya kuiona B ukasema A ilikuwepo, maana B inaweza kuwa imeingia kwa mlango mwingine. Alilikwepa bila kufundishwa. Dakika tano kabla, kwa Kiingereza, alikuwa ameitika pamoja na wenzake.

Basi dai langu ni hili: lugha ya kufundishia sekondari iwe Kiswahili, tuanze na hesabu na sayansi. Si wazo jipya. Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makwetta ilipendekeza Kiswahili kiingie sekondari tangu 1982. Kila likiibuka, jibu linakuwa kwamba Kiswahili ni lugha ya soko na siasa, hakijakomaa kubeba fikra kali. Hapo ndipo ninapotaka tubanane, kwa sababu hilo ni dai kuhusu lugha na akili, na dai hupimwa.

Chukueni neno la Kiingereza "is". Linabeba mizigo mitatu kwa wakati mmoja: kutaja sifa ya kitu, kusema kitu hiki ndicho kile, na kusema kitu kipo. Bertrand Russell, mwanafalsafa wa Uingereza, aliandika mwaka 1919 kwamba ni aibu kwa binadamu kulitumia neno hilohilo kwa mawazo mawili yaliyo mbali kabisa, la sifa na la utambulisho. Sasa sikilizeni tunavyosema sisi. Dodoma ni mji. Dodoma ndiyo makao makuu ya nchi. Dodoma ipo. Mtoto wa miaka mitano hachanganyi "ni", "ndiyo" na "ipo". Kinachomtaabisha mwanafunzi wa falsafa Uingereza, sisi tumekinyonya na maziwa ya mama. Tena tuna -nge-. Ukisema "ungesoma ungefaulu", msikilizaji anajua papo hapo kwamba hukusoma. Lugha ya namna hiyo haijakomaa kwa kigezo gani?

Wakili, Area C

Mwalimu, nakuheshimu, lakini umechagua maembe mabivu tu kapuni. Nikupe na bichi. Ilifika mezani kwangu barua ya mwenye nyumba mmoja: "Wapangaji wote hawajalipa kodi." Wapangaji wawili wana risiti mkononi. Je, mwenye nyumba amesema uongo? Yeye anaapa kwamba alikuwa na maana kuwa si wote waliolipa. Wapangaji wanasoma kwamba hakuna hata mmoja aliyelipa. Sentensi ni moja, maana mbili, na watu wakafikishana pabaya kwa sababu ya kikanushi, yaani alama ya kukataa, ambacho hakijulikani kinafunika nini. Kiingereza nacho kina ugonjwa huohuo. Russell huyohuyo, mwaka 1905, alihangaika na kauli kwamba mfalme wa sasa wa Ufaransa hana upara. Ufaransa haina mfalme. Basi kauli hiyo ni ya kweli au ya uongo? Inategemea "si" unaiweka wapi.

Kwa hiyo lugha zote za watu zina tope. Gottlob Frege, mwanamantiki wa Ujerumani, aliliona, ndiyo maana mwaka 1879 akatunga maandishi yake ya alama. Alilinganisha lugha ya kawaida na jicho, na maandishi yake na hadubini. Jicho lina matumizi mengi zaidi, ila ukitaka kuona vijidudu unahitaji hadubini. Mantiki iko kwenye hadubini, si kwenye Kiswahili wala Kiingereza. Na kwa kuwa mantiki haina kabila, mfundishe mtoto kwa lugha itakayomfungulia milango. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021 Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama, nami niliifurahia, lakini hukumu za miaka mingi tunazoziegemea zimeandikwa kwa Kiingereza. Kijana asiyezisoma atamtetea nani?

Muuguzi, Chemba

Shikamoo Mwalimu. Shikamoo Wakili. Nawasoma nyote wawili na naona mmenisahau.

Mimi lugha yangu ya kwanza ni Kisandawe. Kina vidoko vya ulimi, wala si cha Kibantu. Nilipoanza darasa la kwanza, Kiswahili kwangu kilikuwa kama Kiingereza kilivyo kwa wanafunzi wako. Nilinakili maumbo ya herufi kama mtu anayechora maua ya kanga. Mwalimu akisema Kiswahili "tumekinyonya na maziwa ya mama", anasema mama yake. Si wangu.

Bibi yangu hakuwa na Kiswahili cha kununulia chumvi mnadani Kwa Mtoro. Lakini niliwahi kukaa pembeni yake wakati wa shauri la ng'ombe. Kijana alidai ng'ombe wake alikunywa kisimani jana asubuhi, kwa hiyo yule wa leo si wake. Bibi akauliza: punda wangu wamepita kisimani leo alfajiri. Kama ng'ombe wako alipita jana, nyayo zake zingekuwa chini ya za punda. Mbona ziko juu? Kijana akanyamaza. Wakili, hiyo siyo hadubini ya Frege? Aliifanya bila alama, bila Kiswahili, bila shule.

Na jambo la pili, la sekondari. Mwalimu alimaliza somo akaniuliza kwa Kiingereza swali la kukanusha, kwamba sijaelewa? Nikajibu "Yes", kwa maana ya ndiyo, sijaelewa, kama mtu anavyojibu kwa Kiswahili. Yeye akasikia nimeelewa. Akageuka, akaendelea na mada inayofuata, na mimi nikabaki na mlinganyo ambao sikuwahi kuuelewa hadi namaliza shule. Nilikuwa na akili yangu timamu. Jibu langu lilikuwa sahihi. Lugha mbili zilipishana juu ya kichwa changu.

Mwanafunzi wa Falsafa, Ng'ong'ona

Naongeza machache, wakubwa zangu. Hoja ya -nge- ina mtego, Mwalimu. Mwaka 1981 mwanasaikolojia Mmarekani Alfred Bloom alidai Wachina hupata shida kufikiri mambo ambayo hayakutokea, kwa kuwa Kichina hakina alama maalumu kama -nge-. Mwaka 1983 mwanasaikolojia mwenzake, Terry Au, akarudia majaribio kwa hadithi za Kichina kilichonyooka, ugumu ukayeyuka. Ukisifia -nge- kwamba inatupa akili, unamrudishia Bloom fimbo yake, na ndiyo fimbo itakayompiga bibi wa Chemba. Afadhali tusimame na mwanafalsafa Jerry Fodor, aliyedai mwaka 1975 kwamba tunafikiri kwa lugha ya ndani ambayo si Kiswahili wala Kichina.

Na kuhusu bomba: binti alitumia ujuzi wa Dodoma, si mantiki. Wanasaikolojia Sylvia Scribner na Michael Cole walifanya kazi kwa miaka kati ya Wavai wa Liberia, ambao wana maandishi yao wenyewe yasiyotegemea shule. Kilichowawezesha watu kueleza hoja kutoka kauli wasizozijua kilikuwa zaidi ni shule kuliko kujua kusoma na kuandika. Mpe binti maneno matupu yasiyo na mvua uone.

Ila jambo moja halinitoki kichwani, na hapa namsogelea Mwalimu. Mwanafalsafa Kwasi Wiredu wa Ghana alionyesha kwamba "nafikiri, kwa hiyo nipo" ya Descartes, mwanafalsafa wa Ufaransa, haitulii kwa Kiakan, lugha ya kwao Wiredu, kwa sababu kuwepo huko ni kuwepo mahali. Semeni kwa Kiswahili: nipo. Wapi? Hiyo -po inaulizia mahali, na Descartes, kwa kutilia shaka kila kitu, alikuwa ameshaufuta mwili na dunia nzima. Sisi tungemuuliza swali hilo siku ya kwanza darasani.

Mwalimu wa Hesabu, Nzuguni

Marhaba, binti yangu wa Chemba. Umenikamata, na sina pa kujificha. Niliandika "sisi" nikiwa na watu wangu kichwani. Hoja ya kwamba Kiswahili ni bora kuliko lugha nyingine naiondoa. Mwanafunzi naye ana haki kuhusu Bloom. Kinachobaki nakishikilia kwa mikono miwili: lugha haiumbi akili, lakini lugha usiyoimudu inaifunika akili uliyo nayo, hadi mwalimu akitazama anaona hakuna kitu. Ndivyo ilivyokuwa ulipojibu "Yes".

Ndugu Wakili, angalia ulichokifanya mwenyewe. Barua ilikuwa na maana mbili, ukazitenganisha: "si wote waliolipa" na "hakuna hata mmoja aliyelipa". Ulitumia alama gani za Frege? Uliisafisha kwa Kiswahili hichohicho kilichoichafua, na kila anayesoma hapa akakuelewa. Kuhusu hukumu za zamani, fundisheni Kiingereza kama somo, tena kwa nguvu zote. Sipingi hilo hata kidogo.

Jana nilifanya alivyoshauri Mwanafunzi. Niliandika maneno yasiyo na maana: kila lundi ni kefu, hili ni kefu, je, ni lundi? Kwa Kiswahili. Wengi walikosea, nakiri wazi. Waliitika ndiyo kama walivyoitika kwa Kiingereza. Yule binti wa bomba hakuitika. Aliuliza: "Mwalimu, kuna kefu ambalo si lundi?" Nikamwambia ajibu mwenyewe. Akawageukia wenzake wawili wanaotoka naye kijiji kimoja upande wa Bahi, wakainamiana, wakasemezana kwa Kigogo muda mrefu, mmoja akichora duara ndani ya duara juu ya dawati kwa kidole. Kisha akasimama akasema haijulikani.

Kigogo changu ni cha salamu tu. Jumatatu nitawaomba wanifasirie walichosemezana, neno kwa neno, nikilete hapa.